Mama wa Vile Vyumba

Mzee aliyefungua mlango alikuwa na paja la kuku mkononi. Alimtazama Noreen Stachowiak kuanzia viatu hadi kofia, akatazama vikaratasi alivyovikumbatia kifuani, kisha akageuza kichwa na kupaza sauti kuelekea jikoni.

"Dottie! Yule mama wa vile vyumba amekuja!"

"Mwambie tunakula!"

"Anasema tunakula," mzee alimwambia Noreen, kana kwamba sauti ile ilikuwa haijamfikia.

"Samahani kwa kuwakatiza. Nagombea kiti kwenye bodi ya shule, na nilitaka tu..."

"Najua unagombea nini. Sisi wajukuu wetu wote wako Florida." Aliuma kuku, akatafuna, akaonekana kukumbuka jambo. "Lakini hebu nikuulize. Mtoto akirusha kiti darasani, mwalimu afanyeje? Ambusu?"

Swali hilo Noreen alikuwa ameulizwa karibu kila mtaa wa Brennerton, na jibu lake alilijua kama anavyolijua jina lake. "Mwalimu apewe watu wa kumsaidia, waliofunzwa kazi hiyo. Lakini mtoto asitupwe kwenye chumba kisicho na dirisha, peke yake, na mtu mzima ameshikilia mlango kwa nje."

"Sisi tulichapwa bakora na tukakua."

"Ndiyo, mzee."

"Basi acha karatasi yako," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na huruma fulani iliyomchoma Noreen kuliko kama angemtukana. "Dottie atafungia mifupa ya kuku."

Noreen alishuka ngazi za kibaraza akiwa ameshika ukuta, maana majani ya vuli yalikuwa yamelowa na yanateleza. Kwenye kona alikuta bango lake limeng'olewa na kulazwa kifudifudi mtaroni. Aliligeuza. Mtu alikuwa ameichora picha yake masharubu na, juu ya kichwa, kitasa. Alilitia ndani ya buti la gari pamoja na mengine mawili yaliyokutwa na balaa hilohilo, akaendelea na nyumba iliyofuata.

Hakuwa mgomvi wa kuzaliwa. Asubuhi alifua mashuka katika nyumba ya wazee, na mchana, kwa miaka kadhaa sasa, alikuwa akifuatana na wazazi wenzake kwenye vikao vya shule. Mama mmoja au baba mmoja anaketi upande huu wa meza; upande ule wanaketi mwalimu mkuu, mwanasaikolojia, mwalimu wa elimu maalumu na mwanasheria, wote wanatabasamu. Noreen alikuwa akiketi kando ya huyo mmoja. Hakulipwa kwa kazi hiyo, na wala hakuna aliyemtuma. Alianza kwa ajili ya binti yake, na alipomaliza vita vya binti yake akagundua kuwa simu haikomi kulia.

* * *

Jioni hiyo alipika kabichi na tambi kwa siagi. Mumewe, Duane, alikula bila haraka. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule za wilaya, mtu mpana, mpole, ambaye kila alipokuwa na neno zito alilizungusha kwanza mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki.

"Bosi kanihamisha zamu," alisema hatimaye. "Kuanzia wiki ijayo naingia alfajiri."

"Kisa?"

"Hakusema. Aliniuliza tu, mkeo anaendeleaje na siasa zake."

Noreen aliweka uma chini. "Hawawezi kufanya hivyo."

"Wameshafanya. Usinitazame hivyo, Noreen. Sijasema uache. Nakuarifu tu kwamba nitakuwa nalala mapema."

Upande wa pili wa meza, Marlee alikuwa anatenga tambi na kabichi, tambi kushoto, kabichi kulia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kwa umri wake, mwenye usonji, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na rafiki. Tangu ahamie shule kubwa ya kati, yeye na msichana aitwaye Shelby walikuwa wakikaa pamoja kila chakula cha mchana na kuchora mifupa ya popo. Hawakuzungumza sana. Walichora.

"Mama," alisema bila kuinua macho. "Kule ukumbini wiki ijayo, utasema habari zangu?"

"Nitasema habari za vile vyumba."

"Habari zangu?"

"Hapana, mwanangu."

"Shelby hajui. Pale shuleni hakuna anayejua. Wanajua mimi ni wa popo."

"Sitakutaja."

"Sema naahidi."

Noreen alimwangalia mumewe, kisha binti yake. "Naahidi."

Marlee akarudi kwenye tambi zake. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Hakuwa mtoto wa kukumbusha wala wa kubembeleza. Neno likishasemwa lilikaa pale liliposemwa, na hakuona sababu ya kurudi kulichungulia.

* * *

Haikuwa lazima amtaje Marlee. Gwen Hostetler alikuwa amejitolea mwenyewe. Mwanawe, Curtis, alifungiwa shule ileile ya msingi aliyofungiwa Marlee, na Gwen alikuwa amesema, huku analia katika jiko la Noreen, kwamba atasimama ukumbini na kusema mbele ya mji mzima. Noreen alikuwa amekaa naye vikao vingi hata akapoteza hesabu, wakimpigania Curtis apate msaidizi.

Siku mbili kabla ya mdahalo wa wagombea walikutana kwenye maegesho ya supamaketi. Gwen ndiye aliyemwona kwanza, na Noreen aliona wazi kwamba alifikiria kujificha nyuma ya pikapu ya jirani kabla ya kuona aibu na kusimama.

"Nilikuwa nataka kukupigia," Gwen alisema.

"Niko hapa."

"Wamempa Curtis msaidizi. Wa siku nzima."

Noreen alimshika mikono yote miwili. "Gwen! Lini?"

"Juzi. Mwalimu mkuu alinipigia mwenyewe." Gwen hakuwa na uso wa mtu aliyepata alichokuwa anakililia. Aliichomoa mikono yake polepole, akaanza kupanga vitu kwenye toroli vilivyokuwa vimeshapangwa. "Alisema anatumaini sasa tumeelewana."

Upepo ulipita kati ya magari. Noreen alielewa, na alitamani angechelewa kidogo kuelewa.

"Wamekuambia usiseme."

"Hakuna aliyeniambia nisiseme! Unadhani hivyo ndivyo wanavyofanya? Wale ni watu wazima, wana adabu zao." Gwen alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Aliuliza tu kama bado nina manung'uniko. Nikasema sina."

"Gwen, kuna watoto wengine..."

"Usiniite kwa sauti hiyo. Sauti hiyo ni ya kuwaambia wao, si mimi." Aligeuza toroli. "Mimi nina mtoto mmoja, Noreen. Wewe una wa mji mzima. Nakuombea ushinde, kweli nakuombea. Lakini usinipangie kiti cha mbele."

* * *

Ukumbi wa zimamoto ulijaa hadi watu wakasimama kando ya ukuta, chini ya picha za wazimamoto wa zamani. Wagombea walikuwa watatu na viti vilikuwa viwili. Yule wa tatu alikuwa kijana aliyetaka kodi ipungue, naye alisema hayo na kuketi. Macho yote yalikuwa kwa Noreen na Gordon Thackery.

Thackery hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wake. Aliuza bima. Aliwahi kufundisha watoto wa nusu ya mji kucheza besiboli, na baba yake Noreen alipofariki alikuja mazikoni na kubeba viti. Usiku huo pia alikuwa amefika mapema na kubeba viti. Alizungumza kwa utaratibu, mkono mmoja mfukoni.

"Tunavyo vyumba vya utulivu, sikatai," alisema. "Mtoto akizidiwa anakwenda kutulia. Mimi mwenyewe ningekuwa na chumba kama hicho nyumbani, nisingetoka." Watu walicheka. "Nimekaa kwenye bodi hii miaka mingi. Nimeletewa uvumi. Nimeletewa maneno ya kwenye mtandao. Sijaletewa mtoto. Mama Stachowiak, nakuheshimu, nilimheshimu na marehemu mzee wako. Nitajie mtoto mmoja. Mmoja tu, na kesho asubuhi nitakwenda kwao kupiga magoti."

Noreen alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Jibu lake lilikuwa Gwen. Alimwona Gwen nyuma kabisa, karibu na mashine ya soda, anaangalia mapaja yake.

"Kuna sheria za faragha," Noreen alianza. "Wazazi wanaogopa kwamba..."

"Wanaogopa nini?" mtu alipaza sauti. "Hapa ni Brennerton, si Urusi!"

Kicheko kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Mwanamke wa mstari wa mbele alianza kuvaa koti. Noreen aliona mdahalo unamponyoka, na nyuma yake aliona vile vyumba, vitupu, vimepigwa rangi ya samawati, vinamsubiri mtoto wa kesho. Thackery alikuwa anamwangalia kwa upole, kama anavyoangaliwa mchezaji mdogo aliyekosa mpira.

"Marlee," alisema.

Ukumbi haukusikia vizuri. Akasogeza maikrofoni.

"Mtoto anaitwa Marlee Stachowiak. Ni wangu. Alikuwa darasa la tatu. Kengele ya mazoezi ya moto ililia, yeye masikio yake hayahimili kelele, akapiga mayowe, akamsukuma mwalimu. Wakamwingiza mle. Aligonga mlango, akaomba kwenda chooni. Aliomba kwa adabu, kama nilivyomfundisha. Hawakumfungulia. Alijikojolea. Nilipokwenda kumchukua walikuwa wamemvisha suruali ya michezo ya mtoto mwingine, na nguo zake zimo kwenye mfuko wa plastiki, na hakuna aliyeniambia neno. Nilijua jioni, nikimwogesha, nilipoona kucha zake zilivyovunjika kwa kukwangua mlango."

Mwanamke wa mstari wa mbele alibaki na mkono mmoja ndani ya koti. Simu zilikuwa juu, taa zake ndogo zinamulika. Thackery alisema, mbali na maikrofoni, "Sikujua." Na labda kweli hakujua.

Makofi yalianzia kando ya ukuta yakaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya bati. Watu walisimama. Mtu alikuwa analia kwa sauti. Na Noreen, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amezoea kuzungumza huku watu wanaangalia saa zao, alisimama katikati ya makofi hayo akayaona matamu. Baadaye alijaribu kujiambia kuwa hakuyaona hivyo. Lakini yalikuwa matamu, aliyanywa yote, na ni alipofika kwenye gari, akaketi peke yake na kufunga mlango, ndipo aliposikia alichokisema.

Nyumbani Marlee alikuwa ameshalala. Duane naye, kwa sababu ya zamu yake. Noreen alijiambia atawaeleza asubuhi, lakini asubuhi Duane alikuwa ameondoka na giza, na Marlee alikuwa anatafuta soksi zisizo na mshono, na basi lilikuwa linapiga honi.

* * *

Marlee hakurudi na basi. Alirudi kwa miguu, kando ya barabara kuu, begi limemning'inia bega moja. Alivua viatu mlangoni kama kawaida na kuvipanga. Kisha akaja jikoni, akasimama upande wa pili wa meza.

"Walifanya hivi," alisema. Akagonga meza kwa vifundo vya vidole, polepole. "Kwanza mvulana mmoja. Halafu meza yake yote. Halafu wengi. Walikuwa wanasema tafadhali naomba kwenda chooni."

Noreen alitaka kumfikia. Marlee akarudi nyuma hatua moja, bila hasira, kama mtu anayempisha mwenzake njiani.

"Shelby alinikumbatia," aliendelea. "Sikutaka. Aliona video. Alikuwa analia. Zamani alikuwa anachora tu."

"Mwanangu, nisikilize. Yule bwana alisema hakuna hata mtoto mmoja. Watu walikuwa wanacheka, na mimi..."

"Uliahidi."

"Najua."

"Uliahidi, halafu ukasema." Uso wa Marlee ulikuwa umekunjamana, si kwa machozi, bali kama wakati anapofanya hesabu ambayo jibu lake linakataa kutoka. "Ulisema na habari ya kucha. Ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaisahau."

Alitoka kwa mlango wa nyuma akamfuata baba yake, aliyekuwa chini ya gari uani. Kupitia dirishani Noreen alimwona Duane anajivuta nje, anasikiliza akiwa bado amelala chali kwenye majani, kisha anainuka taratibu. Alipoingia jikoni mikono yake ilikuwa imejaa oili, na aliining'iniza mbali na mwili wake kama si yake.

"Kwamba utamtaja mtoto, ulimwambia nani kwanza?" aliuliza. "Mimi au ukumbi?"

"Duane..."

"Gerejini wote walikuwa wanajua. Mimi nilidhani wananinyamazia kwa sababu ya zamu. Kumbe wananionea huruma."

"Wangeshinda. Wangeendelea kufungia watoto, kila wiki, na hakuna ambaye angeamini."

"Najua."

"Nilijaribu kila njia. Gwen alinigeuka. Sikuwa na mtu."

"Najua, Noreen. Kila unachosema ni kweli. Ndiyo maana sina la kukujibu." Alikwenda kwenye sinki akafungua maji kwa kiwiko. Alinawa muda mrefu, akampa mgongo.

* * *

Noreen alishinda. Alipata kura nyingi kuliko wote. Thackery alikuwa wa pili, kwa hiyo waliingia wote wawili. Gazeti la mji liliweka picha yake bila masharubu. Watu ambao hawakuwahi kumsalimu walimsimamisha dukani kumshika bega na kumwambia, "Maskini mwanao," na yeye alisema asante, maana hakujua neno jingine la kusema hapo. Gwen aliacha keki kibarazani bila kupiga kengele. Duane aliibeba akampelekea jirani.

Marlee alikataa shule. Hakupiga kelele, asubuhi aliketi tu kwenye ngazi, amevaa, viatu miguuni, na hakuinuka. Mwalimu mkuu wa shule ya kati alipiga simu kwa adabu nyingi, akamwita Noreen mheshimiwa, akasema wavulana wale wameonywa. Shelby alikuja mara moja na karatasi za kuchorea. Marlee alimwambia mlangoni kwamba popo wamekwisha.

Ndipo dada yake Duane, Bernadine, alipojitokeza. Aliishi mji wa pili, nje ya wilaya, mjane mwenye nyumba tulivu na paka mzee. Alimwambia Duane kwa simu, si Noreen, kwamba shule ya kule ni ndogo na watu wake hawaangalii mambo ya Brennerton. Marlee aliulizwa. Alisema ndiyo kabla swali halijaisha.

Siku ya kuondoka Noreen alimkunjia nguo kitandani, akazikunja vizuri kupita kiasi, akazikunjua, akazikunja tena.

"Nitakuja Jumapili," alisema. "Na nitakupigia simu jioni."

"Baba akipiga nitaongea naye."

"Na mimi?"

Marlee alifikiri. Hakuwa anajua kusema uongo, na hakuwa mtoto wa kusema neno la kukata tu ili amwumize mtu. Alifikiri kwa haki kabisa, mkono juu ya zipu ya sanduku.

"Bado," alisema.

Basi nyumba ikabaki na watu wawili wanaopishana kwenye ujia, mmoja anakwenda kulala na mwingine anatoka kikaoni. Walikuwa wanasemezana vizuri. Chumvi iko wapi. Mafuta ya gari yamepungua. Jumapili Duane alikwenda kwa dada yake, na mara nyingine Noreen alikwenda naye, akaketi sebuleni kwa Bernadine na paka miguuni, akisikiliza binti yake anavyocheka kule jikoni na baba yake.

* * *

Bodi ilimchagua Thackery kuwa mwenyekiti. Alikuwa na heshima kwa Noreen, akamtengea kiti karibu na chake, akamfungulia milango. Hoja ya kwanza ya Noreen, kwamba vyumba vile visitumike tena, ilipelekwa kwenye kamati. Kamati ikaomba ushauri wa mwanasheria. Mwanasheria akaomba muda. Noreen, ambaye alikuwa bingwa wa kuketi kando ya mtu mmoja mbele ya meza ndefu, sasa alikuwa ameketi kwenye meza ndefu, na kutoka pale aliona jinsi nyuso za watu wa chini zinavyoonekana ndogo.

Katika kikao cha Februari, wakati wa wananchi kuzungumza, mwanamke kijana alikuja mbele. Alikuwa amevaa koti juu ya sare ya kiwanda cha kufungasha nyama, na nywele zake bado zilikuwa ndani ya wavu. Alishika simu aliyokuwa ameandikia maneno yake.

"Naitwa Yesenia Batista," alisema. "Mwanangu yuko darasa la pili. Wiki iliyopita walimweka kwenye chumba kile. Kiingereza chake bado kidogo, hakujua wanamwambia nini. Nimekuja kwa sababu yule mama pale," akamnyooshea Noreen kidole, akijaribu kutabasamu, "aliweza. Mwanangu anaitwa..."

Nyuma yake watu watatu walikuwa wameinua simu zao. Noreen aliona taa ndogo.

"Usitaje jina," alisema.

Maikrofoni yake ilikuwa wazi. Sauti ilipasua chumba, ikawa kali kuliko alivyokusudia. Yesenia aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Samahani?"

"Tafadhali. Usitaje jina la mtoto."

Thackery aliinamia maikrofoni yake. "Namshukuru Mama Stachowiak," alisema kwa sauti yake ya upole. "Ni kweli kabisa. Kanuni zetu zinalinda faragha ya wanafunzi, na mambo ya aina hii yana mahali pake. Tunakuomba, mama, uandikie ofisi." Na akamgeukia Noreen akamwinamishia kichwa kidogo, kama wanavyofanya watu wa upande mmoja.

Yesenia hakumwangalia Thackery. Alikuwa anamwangalia Noreen tu.

"Nilikupigia kura," alisema. "Nimetazama video yako mara nyingi, nikipumzika kazini. Wako ulimtaja, wakakupigia makofi. Wangu asiwe na jina?" Aliitia simu mfukoni. "Kumbe ni kukaa huko juu tu, mtu anabadilika."

Alitembea hadi mlangoni na wavu wake kichwani. Hakuna aliyempigia makofi, wala hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akatangaza jambo linalofuata, paa la jengo la mazoezi.

Noreen alisukuma kiti nyuma.

"Mama Stachowiak," Thackery alisema, ameifunika maikrofoni kwa kiganja. "Kikao kinaendelea. Paa linahitaji kura yako."

Noreen alizunguka meza ndefu akapita kati ya viti, na watu wakageuza shingo kumfuata kwa macho.

Nje theluji ilikuwa inaanguka kidogokidogo. Yesenia alikuwa ndani ya gari la zamani, injini inaunguruma, waipa zinakwangua kioo. Alipomwona Noreen amesimama pembeni ya mlango bila koti, alishusha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Ondoka, mama. Nitakukanyaga."

"Binti yangu haishi tena kwangu," Noreen alisema.

Yesenia alishusha kioo zaidi.

"Yuko kwa shangazi yake. Niliposema jina lake kule ukumbini, kesho yake shule nzima ilikuwa inamgongea meza. Haongei nami." Meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi. "Kwenye video haionekani hiyo."

Waipa zilikwenda na kurudi. Yesenia aliangalia mbele, kwenye ukuta wa jengo, kisha akanyoosha mkono na kuvuta kufuli la mlango wa abiria. Noreen alizunguka, akaondoa glavu ndogo ya mtoto kwenye kiti, akaketi nayo mapajani.

"Kwa hiyo nifanyeje?" Yesenia aliuliza. "Ninyamaze? Wamfungie tena?"

"Usinyamaze. Niambie mimi, kila kitu, na kesho nitakwenda nawe pale shuleni. Nitakaa kando yako, siyo upande wao. Lakini kabla hujasema mbele za watu, mwulize yeye."

"Ana miaka saba."

"Mwulize hivyohivyo."

"Na akikataa? Akisema Mama usiseme, na wao wanasema bila jina hakuna kitu?"

Noreen alikuwa ameketi kwenye magari mengi ya wazazi, kwenye maegesho kama haya, na kila mara alikuwa na jibu. Ndiyo maana walimpigia simu. Kule ndani madirisha yalikuwa yanawaka, na watu walikuwa wanainua mikono kupitisha paa.

"Sijui," alisema.

Yesenia akazima gari, akavua ule wavu kichwani, akaanza kumsimulia.